Nyimbo Kumi za Kumpelekea Mwalimu

Duka la kanda la Suud lilikuwa mtaa wa Hamriya mjini Maskati, kati ya fundi cherehani na muuza manukato, na ubao wa jina lake ulikuwa mpana kuliko duka lenyewe. Wateja watano wakiingia, wa sita alisubiri nje. Lakini kuta zake tatu zilijaa kanda tangu sakafuni mpaka darini: taarabu upande wa kulia, nyimbo za Kihindi na za Kiarabu usoni, na kushoto, kwenye rafu mbili za chini kabisa, kantri. Rafu hizo mbili zilikuwa himaya ya Obedi, msaidizi wake kutoka Tanzania.

Suud, Mwomani aliyezaliwa Unguja na kuletwa Maskati angali kijana, hakuona ladha ya muziki huo hata kidogo.

"Hawa Wamarekani nnawashangaa," alikuwa akisema huku akizungusha tasbihi. "Huyu anayelia hapa, kafiwa na mke au kafiwa na ng'ombe?"

"Mke kamkimbia, mzee. Na gari limekufa njiani."

"Basi ampigie simu fundi! Kuna haja gani ya kutupigia gitaa sisi?"

Hata hivyo aliziacha rafu zile zikae, kwa kuwa kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko, zilimjazia duka. Huo ulikuwa mwaka 2001, na wanawake wa Moshi, wa Bukoba na wa Machakos waliofanya kazi katika nyumba za Al Khuwair na Mawaleh walitoka kanisani Ruwi saa tatu na nusu asubuhi wakaja moja kwa moja Hamriya, wangali na vitambaa vyao vya kanisani kichwani. Hawakutaka nyimbo mpya. Walitaka vile vibao vya kantri vya miaka ya tisini walivyovizoea kwao, vilivyokuwa vikipigwa redioni Jumapili mchana, mama akipika na baba akinyoosha miguu uani. Mteja aliimba kipande cha wimbo kwa maneno yasiyo ya lugha yoyote, Obedi akaukamata, akauandika kwenye karatasi. Nyimbo zikitimia kumi, alizikusanya kwenye kanda moja tupu, na Ijumaa iliyofuata mwenyewe akaja kuichukua.

Na kwa kuwa wengi wao hawakujua Kiingereza, waliuliza, "Hii inasemaje, kaka Obedi?"

Yeye alikijua. Alikuwa amefanya kazi miaka minne mapokezi katika hoteli ya watalii Arusha, na Wamarekani wazee waliokuja kuona simba walimfundisha hata maneno yasiyomo kwenye kamusi. Basi akawaeleza wateja. Aliegemea kaunta, akafumba macho, akawasimulia wimbo kama mtu anayesimulia habari za jirani yake. Wapo waliokuja kusikiliza maelezo tu, wakaondoka bila kununua kitu, na Suud akawa anakohoa.

Filomena alikuja mara ya kwanza Ijumaa ya pili baada ya Krismasi. Alikuwa msichana wa Rombo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyefanya kazi Al Khuwair nyumbani kwa Bi Mahfoudha. Nyumba hiyo ilikuwa ya Waomani wa Unguja, Kiswahili kikizungumzwa asubuhi hadi usiku, kwa hiyo alikaa mwaka mzima ng'ambo bila kuhitaji neno moja la Kiingereza. Siku hiyo alisimama mlangoni bila kuingia, kwa sababu spika ilikuwa ikipiga wimbo fulani wa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Karibu ndani, dada. Jua kali."

"Huu wimbo," alisema, "ulikuwa unapigwa kwa jirani yetu. Unasemaje?"

Wimbo ulikuwa wa mwanamke anayepakia vitu vyake kwenye gari alfajiri, mume angali amelala, na kuondoka asirudi tena. Obedi alifungua kinywa aseme hivyo. Akamtazama yule msichana, macho mekundu, mikono imepasuka kwa sabuni.

"Ni mwanamke," alisema, "amefanya kazi mbali muda mrefu. Sasa anapakia vitu vyake alfajiri, anarudi nyumbani kwa mume wake."

Filomena akacheka huku analia. "Kumbe! Na mimi miaka yote nadhani ni wa huzuni."

Uongo ulianza hivyo, mdogo, wa huruma, na Obedi alilala vizuri siku hiyo. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba amefanya jambo jema. Kama mtu angemwambia amedanganya, angeshangaa. Aliona kwamba amempa mtu mchovu kiti cha kukalia, basi.

Lakini Filomena alirudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine. Kila wimbo aliouuliza, Obedi aliupindisha ukamwelekea mema. Mwanamume aliyesema barua zikome, katika maelezo ya Obedi alisema barua hazitoshi, anataka kumwona mpenzi wake uso kwa uso. Mwanamke aliyempata mwingine wa kucheza naye Jumamosi akawa bibi harusi anayeota ngoma ya harusi yake. Yule aliyechoka kungoja dirishani akawa hachoki kungoja dirishani. Baada ya miezi miwili Filomena alikuwa na nyimbo kumi anazozijua kwa moyo, zote za uaminifu, zote za kurudi nyumbani, na hakuna hata moja iliyokuwapo duniani nje ya kichwa cha Obedi.

Wakati huo Obedi alikwisha kujua habari za Mwalimu Pius.

"Ni mchumba wangu. Anafundisha Kiingereza sekondari," Filomena alimwambia, na uso wake ukang'aa. "Barua zangu huzirudisha amesahihisha kwa kalamu nyekundu. Mara alama sita kwa kumi, mara saba. Chini anaandika, 'Ongeza bidii, mke wangu.'"

"Huyo mume au mkaguzi wa shule?" aliuliza Belinda, rafiki yake, aliyekuwa amemsindikiza.

"We mwache. Mtu wa maneno yule. Neno moja analichambua siku nzima."

Mkataba wake ulibakiza mwaka mmoja. Posa ilikuwa imekwenda, mbege imenywewa, wazee wameelewana. Akirudi tu, ni matangazo ya ndoa kanisani na harusi. Kulikuwa na jambo moja tu lililomsumbua. Mama yake Pius alikuwa anasema Uarabuni watu hubadilika, na kila barua ya Pius ilikuja na swali lile lile kwa namna mpya: bado uko nami?

Ijumaa moja ya Machi Filomena aliingia na Belinda, akaweka karatasi juu ya kaunta. Zilikuwa nyimbo zake kumi.

"Belinda anakwenda likizo nyumbani Jumatano. Nataka kumpelekea Pius kanda. Na mwanzoni nataka niseme maneno yangu mwenyewe. Si mna maikrofoni?"

Obedi alisoma orodha. Alizijua zote. Akaisoma tena.

"Hizi tu?" alisema. "Si tungebadilisha mbili tatu? Kuna nyingine nzuri zaidi."

"Hizi hizi, kaka yangu. Hizi ndizo zinazosema yangu."

Hapo ndipo angesema. Miaka mingi baadaye alikumbuka vizuri kila kitu cha saa ile: kiyoyozi kikidondosha maji kwenye kopo, Suud akibishana na mteja kuhusu kanda ya taarabu, Belinda akijipepea kwa bahasha. Angeweza kusema, dada, nisamehe, maelezo yangu yalikuwa ya kubuni. Ingekuwa aibu ya dakika tano. Lakini alimwona Filomena akijiweka sawa kitambaa kana kwamba Pius atamwona kupitia maikrofoni, na akajipa sababu. Kwetu nyimbo hizi hupigwa hata harusini, alijiambia. Watu wanakata keki kwa wimbo wa talaka na wanapiga makofi. Nani husikiliza maneno?

Akawasha mashine, akamshikia maikrofoni. Akanyoosha kidole: tayari.

"Pius," alisema Filomena, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani yake. "Ni mimi. Leo sikuandikii, usije ukanipa sita kwa kumi. Humu kuna nyimbo kumi. Kila mmoja nimeuchagua kwa maana yake, si kwa mlio wake. Kuna mwenzangu hapa amenieleza neno kwa neno. Umekuwa ukiniuliza moyo wangu uko wapi. Sikiliza maneno, Pius. Jibu langu ni hilo."

Obedi akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Akarekodi nyimbo kumi, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu alioutaka Filomena, na wa kwanza ulikuwa ule wa mwanamke anayepakia gari alfajiri. Kisha akavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, ili mtu asije akaifuta kwa bahati mbaya.

Aprili ikapita, Mei ikapita na joto lake la kuchemsha lami. Filomena alikuja kila Ijumaa, akisubiri barua yenye wino mwekundu. Obedi naye alisubiri. Alianza kupungua mwili. Suud alimuuliza kama ana homa, akamletea kahawa yenye iliki nyingi na kumwambia anywe, kijana mzima asife kwa ajili ya nyimbo za wachunga ng'ombe.

Belinda alirudi mwishoni mwa Juni. Ijumaa ile Filomena aliingia dukani peke yake, mapema kuliko kawaida. Duka lilikuwa tupu. Alimkabidhi Obedi barua aliyoletewa na Belinda asubuhi ile. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyepewa hesabu ngumu.

"Nisomee wewe. Labda mimi sijaelewa."

Hapakuwa na wino mwekundu popote. Mwalimu Pius aliandika kwamba ameisikiliza kanda mara tatu, kama alivyoambiwa, na kwamba amekaa nayo majuma mawili kabla ya kushika kalamu. Anashukuru kwamba Filomena hakumficha. Ni afadhali kuambiwa kwa nyimbo kuliko kuachwa bila neno. Ameelewa kwamba amechoka kungoja, kwamba hataki barua tena, kwamba yupo wa kucheza naye Jumamosi. Anamtakia heri. Mama yake alikuwa amemwonya, na yeye alikuwa akimtetea Filomena.

"Anasema nimechoka kumngoja," Filomena alisema. "Wimbo gani unasema nimechoka kumngoja, Obedi?"

Obedi alikunja barua. Akaikunjua tena.

"Wa saba," alisema.

"Wa saba ni yule asiyechoka."

"Anachoka, Filomena. Ule unasema amechoka. Na wa kwanza anamkimbia mumewe. Wa tatu anasema barua zikome." Aliiweka barua juu ya kaunta. "Nilikubadilishia. Zote. Ulikuja unalia siku ile, nikaona... nikaona nikupe kitu kizuri."

Alitegemea kupigwa kofi. Filomena alitazama rafu zile mbili za chini, taratibu, kana kwamba anatafuta mahali alipoangusha kitu.

"Zote kumi?"

"Zote."

"Na ulinishikia maikrofoni."

Suud alikuwa amesimama nyuma ya pazia la stoo, na alikuwa amesikia. Alitoka, akafunga mlango wa duka kwa komeo ingawa muda wa kufunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa ulikuwa bado.

"Mie nnauza kanda mwaka wa kumi na sita huu," alimwambia Obedi kwa sauti ya chini, "sijapata kuvunja nyumba ya mtu. Weye umeivunja hata haijajengwa." Kisha akamgeukia Filomena, akasogeza simu ya mezani mbele yake. "Mwanangu, nambari ya shule unayo? Piga. Zungumza mpaka uchoke. Usiniulize kitu."

Kule Rombo aliyepokea alikuwa karani wa shule, akasema mwalimu Pius yuko chumba cha walimu, subiri. Walisubiri. Simu ilikuwa ya zamani na sauti yake ilivuja, hivyo Obedi alisikia viatu vikija kwenye saruji.

"Pius, ni mimi."

Upande wa pili kiti kilivutwa.

"Pius, zile nyimbo sikujua zinasema nini. Niliambiwa zinasema vingine. Haki ya Mungu. Aliyenieleza yupo hapa, msikilize mwenyewe." Akampa Obedi simu bila kumtazama.

Obedi alisema yote. Alisema jina lake, kazi yake, hoteli ya Arusha, mwanamke wa alfajiri, wa saba, maikrofoni. Hakujitetea. Alipomaliza alisikia mtu akipumua kwa nguvu upande wa pili.

"Wewe," mwalimu alisema hatimaye. "Unamtaka?"

Lilikuwa swali ambalo Obedi hakuwahi kujiuliza, au alikuwa akilipita pembeni kila Ijumaa kama mtu anayemkwepa anayefahamiana naye.

"Sijui, mwalimu."

"Hujui. Umefanya haya yote na hujui." Kulikuwa na kitu kama kicheko, kikakatika. "Mpe simu."

Filomena alibana simu sikioni kwa mikono miwili. Obedi alirudi nyuma hatua mbili, lakini duka lilikuwa dogo mno, na sauti ya Pius ilijaa humo.

"Filo. Jumapili iliyopita tangazo langu limesomwa mara ya tatu."

"Tangazo gani?"

"La ndoa. Mama alinitafutia. Nilikubali tu, nilikuwa siko sawa. Ni binti wa kutoka Mkuu, anafundisha chekechea pale parokiani." Akavuta pumzi. "Ni kesho, Filo. Saa nne."

Suud aliketi kwenye kiti chake taratibu. Nje mtu alijaribu mlango, akaenda zake.

"Lakini bado hatujasimama mbele ya padri," Pius alisema, na sasa alikuwa akizungumza haraka. "Sema neno moja. Sema nisiende. Nitawaambia watu wote ukweli, nitapigwa, nitafukuzwa, sijali. Mimi nilikuwa nakungoja wewe. Sema tu."

Filomena alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, Obedi aliliona. Alitamani alisukume litoke.

"Yuko wapi sasa hivi?" Filomena aliuliza.

"Nani?"

"Huyo dada."

"Kwao. Nadhani wanamsuka. Shangazi zake wamekuja jana kutoka Marangu."

"Anajua habari za kanda?"

"Hajui kitu. Yeye hana kosa lolote, maskini, lakini—"

"Amefurahi?"

Pius alishusha sauti. "Amefurahi," alisema.

Filomena akashusha simu kifuani, akaifunika kwa kiganja. Macho yake yalielekea ukutani, na Obedi alijua hakuwa akiona kanda. Alikuwa akimwona msichana mwingine ameketi kwenye mkeka Rombo, kichwa kimeinamishwa katikati ya magoti ya shangazi, watu wanamtania, na kesho saa nne mtu anakuja kumwambia kwamba kuna neno limesemwa mbali, yeye hakuwapo, na maisha yake yamebadilishwa. Filomena alikuwa amekifahamu kitu hicho tangu asubuhi. Kilikuwa na umri wa saa mbili tu ndani yake.

Honi ikalia barabarani. Alikuwa Harub, mtoto wa Bi Mahfoudha, aliyekuja kumchukua kabla ya sala.

Filomena akamnyooshea Obedi simu.

"Mwambie aende kanisani," alisema.

"Mwambie mwenyewe, Filomena. Tafadhali. Labda mtasema mengine—"

"Sina sauti. Mwambie." Akaondoa komeo yeye mwenyewe, akatoka juani. Kupitia kioo Obedi alimwona Harub akishuka kumfungulia mlango, akimwuliza, "Una nini leo, dada? Mbona umenywea hivyo?" na yeye akitikisa kichwa, akiingia, akijifunga mkanda kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefunga mzigo unaovunjika upesi. Gari likageuka kuelekea barabara kuu.

"Filo?" simu ilisema. "Filo, upo?"

Obedi aliiweka sikioni. Ilikuwa ingali na joto.

"Ameondoka, mwalimu."

"Amesema nini?"

Suud alikuwa akimtazama. Kichwani mwa Obedi yalikuja maneno mengi, mazuri yote, yenye mpangilio. Amesema atakukumbuka. Amesema msile kiapo mkiwa na kinyongo. Amesema anakupenda, ndiyo maana anakuacha. Yalikuja bila kuitwa, kama yalivyozoea kuja kila Ijumaa, na huenda baadhi yake yalikuwa kweli.

"Amesema uende kanisani."

"Basi?"

"Basi."

"Alikuwa analia?"

"Hapana. Hakulia."

 Nyuma ya mwalimu kengele ya shule iligongwa, na watoto wengi wakapiga kelele kwa pamoja wakitoka madarasani.

"Sema chochote," mwalimu alisema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa analia, waziwazi, bila kumficha karani. "Wewe unajua kusema. Hakusema kwamba bado ananipenda?"

Obedi alishika ukingo wa kaunta.

"Hakuniagiza hilo, mwalimu," alisema, na akabaki na simu sikioni mpaka upande wa pili ulipokatwa.